Umefunga Mwenyewe Mzigo Huu?

Kila anayekwenda nyumbani likizo anaijua ile wiki ya mwisho kabla ya safari. Simu haziishi. Huyu ana viatu vya mama yake, yule ana dawa za shangazi, mwingine ana bahasha "ndogo tu, haina hata uzito". Ukifika uwanjani, binti wa kaunta anakutazama machoni na kukuuliza: umefunga mwenyewe mzigo huu? Unajua kila kilichomo? Na sisi, jamani, tunajibu ndiyo.

Ndugu wasomaji, swali hilohilo nataka kuwauliza wale kati yetu wanaoandika programu za kompyuta, hasa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadili. Msiosoma mambo ya kompyuta msifungue ukurasa mwingine haraka. Programu hizi ndizo zinazoishia kwenye zahanati, kwenye mamlaka za maji na kwenye ofisi za wilaya. Mnaosoma udaktari na uchumi mtazikuta mezani kwenu siku mtakayoripoti kazini.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Hakuna mtu anayeandika programu yote peke yake tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukitaka programu yako ibane faili liwe dogo, ifungue picha au isome jedwali la takwimu, unachukua kazi iliyokwisha kuandikwa na mwingine. Kazi hiyo sisi tunaiita maktaba, ingawa haina vitabu. Swali ni unaichukuaje. Njia moja ni kuiacha pale ilipo kwenye mfumo wa kompyuta, programu yako ikaiita inapoihitaji. Programu kumi zinatumia nakala moja. Njia nyingine ni kuinakili nzimanzima, ukaiweka ndani ya folda ya mradi wako na kuitoa pamoja na programu yako kama kitu kimoja. Hii ya pili ndiyo naiita kufungasha, na ndiyo tunayoipenda wengi wetu.

Mimi sina ugomvi na kufungasha kwenyewe. Wapo wenye ugomvi nako, nitawafikia. Lakini mtu aliyewahi kusimika programu kwenye kompyuta ya ofisi ya wilaya, umeme umekatika mara mbili tangu asubuhi na intaneti yenyewe ni kifurushi cha simu ya afisa anayekuangalia, hawezi kumhubiria mwenzake kwamba kila maktaba ipakuliwe upya kutoka mtandaoni. Programu inayokuja kamili kwenye flashi, unaichomeka, inasimama na kufanya kazi, hiyo ni heshima kwa mtumiaji.

Na hata huku kwenye intaneti ya kasi mambo huharibika. Machi 2016 mwandishi mmoja wa JavaScript alikosana na wenye ghala la npm kuhusu jina la mradi wake, akaondoa maktaba zake zote ghalani. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu; kazi yake ilikuwa kujaza nafasi mwanzoni mwa neno. Miradi mingi, mikubwa kwa midogo, ikashindwa kujengwa siku hiyo mpaka wenye ghala walipoirudisha. Aliyekuwa na nakala yake ndani ya mradi alikunywa chai yake kwa utulivu.

Basi, fungasheni. Ninachogombana nacho ni kufungasha kisha kusahau.

Kuna maktaba inaitwa zlib. Iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1995, na kazi yake ni kubana data na kuifumua. Picha za PNG zinaitegemea, na hati nyingi za ofisi zimebanwa kwa mtindo wake. Ni ndogo, ni nzuri, leseni yake haina masharti mazito, kwa hiyo kila mtu akainakili. Machi 2002 ikajulikana kwamba toleo la 1.1.3 na yaliyolitangulia yana kasoro: ukiipa data iliyovurugwa kwa makusudi, maktaba inaachilia kipande kilekile cha kumbukumbu ya kompyuta mara mbili, na mjanja anaweza kuutumia mwanya huo kuiangusha programu, pengine hata kuiteka. Waandishi wakatoa toleo la 1.1.4.

Kazi ikawa imekwisha? Ndiyo kwanza ilianza. Aliyekuwa anatumia zlib ya mfumo alibadili maktaba moja, akawasha programu zake upya, akaenda kulala. Lakini zile nakala zilizofungashwa! Hata kiini cha Linux chenyewe kilikuwa na nakala zake. Watu walilazimika kuandika vijiprogramu vya kunusa ndani ya mafaili yaliyokwisha kujengwa, kutafuta alama za zlib, kwa sababu wenye programu hawakujua tena kama waliiweka humo au la. Bahati nzuri Gailly na Adler waliacha majina yao ndani ya maktaba. Ukilifungua faili la programu na kutafuta neno "deflate", mara nyingi utakuta linafuatiwa na namba ya toleo, miaka, na jina la Gailly. Wengi walijua walichobeba kwa njia hiyo, yaani kwa kusoma jina la mwenye mzigo lililoshonwa ndani ya koti.

Julai 2005 tundu jingine likaonekana kwenye zlib, likazibwa na toleo la 1.2.3, na msako ukaanza upya. Machi 2022 likatoka toleo la 1.2.12 kuziba jingine tena, na kinachoniuma hapo ni kwamba dawa yake ilikuwa imeandikwa tangu 2018, ikakaa kwenye msimbo bila kutolewa kama toleo. Mwaka uliofuata, Septemba 2023, ikawa zamu ya libwebp, maktaba ya picha. Chrome ikazibwa, Firefox ikazibwa, magazeti yakanyamaza. Lakini programu nyingi za mezani siku hizi zimejengwa juu ya Electron, ambayo ndani yake imebeba kivinjari kizima, na ndani ya kivinjari hicho imo libwebp. Mzigo ndani ya mzigo ndani ya mzigo. Mtu amesasisha kivinjari chake, amejiona salama, na kumbe anayo nakala nyingine ya kasoro ileile kwenye programu yake ya kuandikiana na wenzake.

Mtasema hayo ni ya makampuni makubwa. Haya, niwaambie ya kwetu.

Katika maabara ninayosomea tunatunza programu huria ndogo ya kukusanya takwimu za mita za maji na pampu. Iliandikwa na wanafunzi waliotutangulia, ikapendwa, na leo iko kwenye kompyuta za mamlaka moja ya maji huko nyumbani. Vituo vya pampu vinatuma takwimu zao zikiwa zimebanwa, programu inazifumua, inazisoma, inazipanga kwenye jedwali, na kutoka kwenye jedwali hilo ndiko bili zinakoandikwa. Nilipokabidhiwa kuitunza nilikuta folda yenye maktaba tisa za watu wengine. Tatu zilikuwa na namba ya toleo. Sita zilikuwa na majina tu, moja ikiitwa "mpya" na nyingine, ya aina hiyohiyo, "mpya2".

Kwenye faili la programu lililokwisha kujengwa nikatafuta lile neno la "deflate". Nikaikuta zlib 1.2.3, ya mwaka 2005. Fikirieni: maktaba inayofumua data inayotoka nje, kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti, katika ofisi inayotoa bili za maji za mji mzima, na imepitwa na kila kiraka kilichoandikwa tangu wakati baadhi ya wanachama wetu wakiwa shule ya msingi. Hiyo ilikuwa rahisi kuibadili, maana haikuguswa na mtu.

Iliyonitesa ni "mpya2". Ilikuwa maktaba ya kusoma majedwali ya takwimu. Nikapakua kila toleo lililowahi kutolewa na mwenyewe, nikalinganisha mstari kwa mstari mpaka nikapata lililokaribiana nayo zaidi. Zilipishana mistari 14. Mistari hiyo aliiandika nani? Kwa nini? Inaziba tundu au inalifungua? Aliyeiandika alishahitimu siku nyingi na anwani yake ya barua pepe ya chuo ilishakufa. Wiki tatu, ndugu zangu. Mwisho wa wiki ya tatu ikabainika kwamba mistari kumi ilikuwa ya kunyamazisha maonyo yanayotokea wakati wa kujenga programu, takataka tupu. Mistari minne ilikuwa inafanya kazi ya kweli: baadhi ya zile mita huandika desimali kwa koma, mtindo wa nchi nyingi za Ulaya bara, na maktaba ya asili ilikuwa haielewi koma hiyo. Mita ikisema 12,5 yenyewe ingesoma 12 na kutupa kilichobaki.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ningeiacha maktaba ile ilivyo, ningeacha kasoro zote ambazo mwenyewe alikwisha kuzitengeneza kwenye matoleo ya baadaye. Ningeiondoa na kuweka toleo jipya, kama kila mwongozo unavyoshauri, programu ingejengwa vizuri, ingewaka vizuri, na kuanzia mwezi uliofuata takwimu za maji za mji mzima zingekuwa za uongo, kidogokidogo, bila onyo lolote kwenye kioo. Mistari minne, na hakuna popote ilipoandikwa kwamba ipo. Huyo ndugu alikuwa fundi hodari, nasema kwa dhati. Aliona kosa ambalo wenye maktaba hawakuliona. Ila ufundi wake aliuzika.

Leseni ya zlib, ambayo ni fupi na ingefaa kila mtu aisome, ina sharti moja ninalolipenda: ukiubadili msimbo lazima useme waziwazi kwamba umeubadili, usiupitishe kana kwamba ndio wa asili. Ni sharti la adabu zaidi kuliko la sheria.

Sasa niwaonyeshe mradi unaobeba mizigo mingi na kuibeba vizuri, na ambao una undugu na sisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org iliyozungumza Kiswahili. Nyuma ya yale maneno ya Kiswahili kwenye menyu, msimbo wa OpenOffice.org ulikuwa na maktaba nyingi za watu wengine. Kwa mtumiaji wa Windows hakukuwa na namna: kule hakuna zlib ya mfumo ambayo kila programu inaweza kuiegemea, lazima uende na yako. LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, ilirithi mzigo huohuo.

Tazameni wanavyofanya. Kazi za watu wengine hazichanganywi na zao. Ziko chini ya folda moja iitwayo external, kila maktaba na kijumba chake, na ndani ya kijumba kuna maelekezo ya kuijenga pamoja na viraka, kila kiraka faili lake. Maktaba yenyewe inachukuliwa kama ilivyotoka mikononi mwa mwenyewe, halafu viraka vinabandikwa juu yake wakati wa kujenga. Kisha kuna faili moja, download.lst, linalotaja kila kifurushi, toleo lake, na alama ya SHA-256 ya kuhakikisha hakikuchezewa njiani. Anayejenga kwenye Linux anaruhusiwa kusema: zlib yenu siitaki, tumieni ya mfumo wangu. Ndiyo sababu lilipotokea lile la libwebp, mwezi huohuo wa Septemba 2023 waliweza kutoa matoleo ya 7.6.2 na 7.5.7 yenye maktaba iliyozibwa. Hawakuhitaji kwanza kutuma watu kunusa folda zao wenyewe.

Kama ile mistari minne ya koma ingekuwa kwenye faili lake la kiraka, lenye maneno mawili matatu juu yake, "mita hizi zinatumia koma", kazi yangu ya wiki tatu ingekuwa ya asubuhi moja. Na kama kiraka hicho kingepelekwa kwa mwenye maktaba, pengine leo kisingehitajika kabisa. Hili la kukipeleka kwa mwenyewe halina mjadala kwangu, kwa sababu kiraka kinachokaa kwako peke yako kinapungukiwa macho ya wanaoijua kazi ile kuliko wewe. Watu wa Debian wanakumbuka. Mwaka 2006 waliondoa mistari michache kwenye OpenSSL yao, ambayo chombo cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kinailalamikia. Kila kitu kikaendelea kufanya kazi. Mei 2008 Luciano Bello akagundua kwamba tangu mabadiliko yale, funguo za siri zilizotengenezwa kwa OpenSSL hiyo zilikuwa zinatoka kwenye kapu dogo mno, namba elfu thelathini na kitu kwa kila aina ya ufunguo, kiasi kwamba mtu mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuzijaribu zote. Hao si wanafunzi, ni watu wazoefu. Kiraka kilikuwa wazi kwa kila mtu kukiona, ila kilibaki Debian, hakikuingia OpenSSL yenyewe.

Nimewataja Debian, basi niwamalizie wenye ugomvi na kufungasha. Sera ya Debian inasema kifurushi kisitumie nakala ya ndani ya maktaba ambayo tayari ipo kwenye mfumo, isipokuwa kama maktaba hiyo ilitengenezwa makusudi itumiwe hivyo. Fedora nao kwa miaka mingi walikataza karibu kabisa. Mwaka 2015 wakalegeza: kama wenye programu wameacha njia ya kutumia maktaba ya mfumo, itumie, kama hawakuacha, unaweza kufungasha, ila lazima utangaze kwenye kifurushi chako jina la maktaba uliyoibeba na toleo lake. Nadhani Fedora walifika mahali pazuri kuliko Debian, ingawa najua wapo watakaonirushia mawe kwa kusema hivyo. Sheria ya Debian inafaa sana pale ambapo kuna jeshi la watunzaji wa vifurushi na kompyuta zinazosasishwa kila juma. Kompyuta ya ile mamlaka ya maji ina Windows, na inasasishwa anapopita mtu mwenye flashi.

Rafiki yangu mmoja Mganda, tunakaa jengo moja, alinisikiliza yote haya akacheka. "Wewe bwana unatuletea urasimu. Mimi nina tasnifu ya kukabidhi Septemba." Sawa. Lakini kuandika mistari mitano siku unapoichukua maktaba ni kazi ya dakika kumi. Kuitafuta mistari hiyo baada ya miaka minane nimeshawaambia ilivyo. Hoja yake ya pili ndiyo ilinikalisha chini. Akasema, kila unapopandisha toleo unahatarisha kitu kinachofanya kazi, na akanikumbusha xz.

Kwa wasioikumbuka: Machi 2024 Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu nyingine ya kubana data, yalitiwa sumu ya makusudi, mlango wa nyuma wa kuingilia kwenye seva. Yaliyotiwa sumu ni yale mapya kabisa. Mwenye nakala kuukuu alikuwa salama. Tena sehemu ya ile sumu haikuwamo kwenye msimbo ulioonekana ghalani, ilikuwamo tu kwenye kifurushi kilichotolewa rasmi. Yaani kilichoandikwa juu ya bahasha na kilichokuwa ndani vilikuwa vitu viwili tofauti.

Nakiri hoja ni nzito, na ndiyo maana sisemi "sasisheni kila siku". Lakini tarehe 29 Machi 2024, habari ilipotoka, swali la kwanza la kila mwenye seva duniani lilikuwa moja tu: sisi tuna toleo gani? Aliyejua alijibu kwa dakika moja, awe na jipya au na kuukuu. Aliyekuwa na folda ya "mpya2" hakuweza hata kujifariji kwamba yuko salama. Usalama wa nakala kuukuu siku ile ulikuwa wa bahati, na hata bahati hiyo hukuweza kuifurahia bila daftari.

Kwa hiyo ninachodai ni daftari. Faili moja la maandishi ya kawaida, ndani ya mradi, linalosema kwa kila maktaba: inaitwaje, imetoka wapi, ni toleo gani, imechukuliwa lini, alama yake ya uhakiki, leseni yake, kwa nini tumeifungasha badala ya kutumia ya mfumo, na tumeibadili nini. Mabadiliko yenyewe yakae pembeni kama viraka, maktaba ibaki ilivyokuja. Pip, programu inayosimika maktaba za Python, inafanya karibu hivi. Yenyewe inalazimika kufungasha, maana haiwezi kumtegemea msimikaji wakati msimikaji ni yeye. Lakini ina orodha ya kila ilichobeba na toleo lake, na viraka vyake vimetengwa.

Na si kila maktaba ina uzito sawa. Maktaba ya hesabu za matrisi unayoipa namba zako mwenyewe, ifungashe na ulale usingizi. SQLite, waandishi wake wenyewe wanaitoa kama faili moja kubwa ili iingizwe ndani ya programu za wengine. Ifungashe, andika toleo. Lakini maktaba inayofungua kitu kilichotoka kwa mtu usiyemjua, picha, faili lililobanwa, hati, hiyo ni ya kuangaliwa kila mwezi. Na maktaba ya usimbaji kama OpenSSL mimi sifungashi kabisa kama kuna njia nyingine yoyote. Tangu Heartbleed, Aprili 2014, sioni mwanafunzi mmoja anapata wapi kifua cha kumtunzia mtu mlango wa siri baada ya yeye mwenyewe kuhitimu na kuondoka.

Maana sisi ni watu wa kuondoka. Hilo ndilo linalotutofautisha na LibreOffice au Fedora. Wao wana watu wa kupokezana. Programu ya mwanafunzi inabaki na mtu mmoja, mara nyingi fundi mwenye stashahada kwenye ofisi moja nyumbani, kijana mwerevu ambaye hakuna aliyempa hata ukurasa mmoja wa maelezo. Tunamwandikia Kiingereza kingi kwenye tasnifu ambayo hataisoma, na kwenye folda anayoifungua kila siku hatumwandikii kitu. Yule wa mamlaka ya maji, nilipomtumia toleo jipya likiwa na daftari lake, aliniandikia baada ya siku mbili. Hakuuliza habari za koma. Aliuliza kama anaruhusiwa kuibadili zlib mwenyewe itakapotoka nyingine, bila kutungoja. Nikamjibu anaruhusiwa, hatua zimo, na kwamba akimaliza aongeze mstari wake kwenye daftari kwa jina lake.

Zile maktaba tisa sasa ni saba. Mbili hazikuwa zinaitwa na kitu chochote. Zilikuwa zinasafiri tu.

Wenye programu zilizokwisha kwenda nyumbani, au zinazokwenda baada ya kukabidhi tasnifu, nawaomba mje nazo Jumamosi baada ya kikao cha jumuiya cha mwezi ujao. Nina vijiprogramu vya kulinganisha matoleo nilivyoviandika kwa ajili ya "mpya2", vinapunguza kazi. Njooni na flashi yenye msimbo na faili lililokwisha kujengwa, vyote viwili. Chai mtajinunulia.